Dawa ya ng'ombe mgongoni mwa paka: Hatari iliyojificha katika vita dhidi ya viroboto

KATIKA maboma mengi ya Mogogosiek na vitongoji vyake, kaunti ya Bomet, hapakosi chupa moja iliyowekwa juu ya boriti ya zizi au nyuma ya mlango wa ghala. Ndani yake mna dawa ya kuulia kupe wa ng'ombe. Ng'ombe huyo, awe mmoja au wawili, ndiye anayeitunza familia kwa maziwa kati ya malipo ya mwezi ya majani chai na bonasi ya mwaka, na kwa hiyo hakuna awezaye kumlaumu mkulima kwa kuinunua. Tatizo huanza pale watoto wanapojikuna miguu usiku kucha, mbwa anapojiuma kiunoni bila kukoma, na paka wa jikoni anapoacha chembe nyeusi, mfano wa vumbi la majani chai, kila mahali alipolala. Hapo chupa ile ile huteremshwa.

Mbwa huogeshwa kwa dawa iliyopimwa kwa kifuniko, paka hupakwa kwa kitambaa, na masalio humwagwa kwenye kibanda cha kuku. Mara nyingi hakuna linalotokea, na hilo ndilo linaloipa desturi hii nguvu. Lakini kuna siku paka huanza kutetemeka saa chache baadaye, au mbwa hulala asiamke, na wenyewe hudhani ametegwa kwa sumu na jirani.

Watu wanaozungumzia usalama wa dawa za viroboto mijini huwa na maana ya matone na vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbwa na paka. Huko nako kuna maswali, na yatajibiwa hapa chini. Lakini katika nyanda za chai swali la kwanza ni jingine kabisa: je, dawa iliyoidhinishwa kwa mnyama wa kilo 300 inafanya nini juu ya ngozi ya mnyama wa kilo tatu, anayejiramba mwili mzima kila siku?

Ili kuelewa namna chupa hiyo ilivyofika nyumbani, yafaa kukumbuka majosho. Kwa miongo mingi ng'ombe wa sehemu hizi walipelekwa kwenye josho la kijiji, ambako dawa ilichanganywa na mhudumu aliyefunzwa na maafisa wa mifugo wakakagua nguvu yake. Lengo lilikuwa kuzuia ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia apendaye masikio ya ng'ombe, na ambao humwangamiza ng'ombe wa gredi kwa siku chache. Serikali ilipojiondoa katika uendeshaji wa majosho na kuyakabidhi kwa kamati za wananchi, hasa kuanzia miaka ya tisini, mengi yalikauka. Kazi iliyokuwa ya mtaalamu mmoja ikawa ya kila mwenye boma, kwa pampu ya mgongoni na chupa ya mililita chache kutoka duka la dawa za mifugo. Sumu ambayo zamani ilikaa mahali pamoja penye ua na kufuli sasa inakaa karibu na mtungi wa maji.

Kemikali inayopatikana kwa wingi katika chupa hizo ni amitrazi. (Majina ya kemikali katika makala haya yameandikwa kwa matamshi ya Kiswahili, kwenye lebo huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, kwa kawaida bila irabu ya mwisho.) Chupa ya kawaida ina nguvu ya asilimia 12.5, na maelekezo ya ng'ombe huwa mililita mbili kwa kila lita ya maji, yaani mililita 40 katika pampu ya lita 20. Sasa mtu amwogeshaye mbwa hahitaji lita 20. Huchukua karai la lita mbili, akamimina vifuniko viwili vya soda. Kifuniko kimoja huchukua takriban mililita tano, na hivyo tayari ana mililita 10 katika lita mbili: mara mbili na nusu ya kipimo cha ng'ombe. Akiona maji hayajawa meupe vya kutosha, huongeza kifuniko cha tatu.

Amitrazi ikimzidi mbwa, humlegeza. Mapigo ya moyo hupungua, mwili hupoa, macho huwa kama ya mlevi, na sukari ya damu hupanda. Katika baridi ya usiku wa Konoin, mbwa aliyelowa na kupoa namna hiyo, hasa kitoto cha mbwa, anaweza asione asubuhi. Paka hastahili kupakwa amitrazi hata kidogo. Punda naye, anayebeba magunia na mitungi katika njia za mashamba, ana hatari yake: kemikali hii hupunguza mwendo wa utumbo, kinyesi kikaziba, na mnyama akafa kwa maumivu ya tumbo. Wapo wanaompulizia punda kwa sababu tu amesimama kando ya ng'ombe.

Na baada ya hatari zote hizo, amitrazi hata haiui viroboto ipasavyo. Ni dawa ya kupe na ya ukurutu. Kiroboto ni mdudu wa miguu sita, kupe ni wa ukoo wa buibui mwenye miguu minane, na sumu inayovuruga neva za mmoja si lazima imsumbue mwingine. Mbwa huogeshwa, viroboto hulowa na kuzubaa, wachache huanguka kwa sababu ya sabuni na maji, na baada ya siku mbili wamerudi. Mwenye mbwa huhitimisha kuwa dawa ilikuwa hafifu, na safari ijayo huongeza kipimo.

Chupa nyingine sokoni zina kemikali za jamii ya fosfati, kama vile klofenvinfosi. Hizi zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ishara za neva baada ya msuli kufanya kazi. Kikizuiwa, msuli huendelea kuitikia ishara ambayo ilipaswa kuwa imekwisha. Mnyama hutokwa na mate, machozi na mkojo, mboni za macho hubana zikawa kama ncha ya sindano, misuli hurukaruka, kisha pumzi hukata. Binadamu hupatwa na yayo hayo. Kemikali hupenya kwenye ngozi, na kwa hiyo mama aliyemshika mbwa mikononi bila glavu wakati wa kumwogesha, au mtoto aliyemkumbatia kabla hajakauka, amepata sehemu yake ya dawa.

Kundi la tatu lina historia iliyo karibu zaidi na wasomaji wa nyanda za juu. Pareto, ua jeupe lililowahi kulimwa kwa wingi katika mashamba ya Nakuru, Nyandarua, Kisii na hata sehemu za Kericho na Bomet, lina sumu ya asili inayoua wadudu upesi na kuharibika upesi juani. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo. Mwaka 1973 watafiti wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitengeneza permethrini, kemikali ya maabara iliyoiga umbo la sumu ya pareto lakini isiyoharibiwa na jua kwa urahisi. Ndugu zake ni sipermethrini, deltamethrini na flumethrini, ambazo leo zimo katika dawa za kupe, dawa za mbu, vyandarua na poda za kuku.

Kwa binadamu, ng'ombe na mbwa, kemikali hizi zikitumiwa kwa kipimo huhesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo salama zaidi. Kwa paka, permethrini ni sumu. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya ambacho wanyama wengine hukitumia kuifungasha kemikali ya aina hii na kuitoa mwilini. Huo ndio mwili wake, na hauhusiani na unyonge wala umri. Paka mkubwa mwenye afya huathirika vilevile. Matone ya mbwa yenye permethrini huwa na nguvu ya asilimia 45 au zaidi, na mililita moja tu ya matone hayo juu ya paka wa kilo nne na nusu inaweza kumuua. Dalili ya kwanza huwa ni masikio na ngozi kucheza, kisha miguu kutetemeka, kisha degedege linaloweza kuendelea siku mbili au tatu. Hata paka ambaye hakupakwa anaweza kudhurika kwa kulala ubavuni mwa mbwa aliyetiwa dawa hiyo karibuni, jambo la kawaida kabisa katika jiko lenye moto mmoja na wanyama wawili.

Kuhusu poda, iliyozoeleka kwa muda mrefu ni karbarili, ambayo wauzaji huielekeza kwa mboga, kuku na mbwa kwa pumzi moja. Utendaji wake unafanana na ule wa fosfati ingawa athari yake hupita mapema zaidi. Umoja wa Ulaya uliiondoa katika orodha ya dawa za mimea zinazoruhusiwa mwaka 2007, na nchini Marekani kola za mbwa na paka zenye kemikali hiyo ziliondolewa miaka michache baadaye. Ubaya wa poda ni kwamba haikai mahali ilipowekwa. Mbwa hujikung'uta, vumbi hutua juu ya sufuria, kuku hudonoa, na paka hulamba.

Suala la kuku lisipuuzwe, kwa maana yai hurudi mezani. Mwezi Agosti mwaka 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani baada ya kugunduliwa kuwa mabanda yalipuliziwa fipronili, dawa inayotumiwa sana kwa viroboto vya mbwa na paka lakini isiyoruhusiwa kwa mnyama wa chakula. Mabanda yale yalisafishwa na kampuni, mayai yakapimwa katika maabara, kashfa ikafika mahakamani. Kibanda cha kuku nyuma ya jiko hakina maabara wala mkaguzi. Fipronili hiyo hiyo humuua sungura, mnyama ambaye vijana wengi wa vijijini wamehimizwa kumfuga.

Lipo pia suala la sindano. Ivamektini ya ng'ombe, yenye nguvu ya asilimia moja, hudungwa mililita moja kwa kila kilo 50 za uzito. Kwa hesabu hiyo hiyo, mbwa wa kilo 10 angepata sehemu ya tano ya mililita, kiasi ambacho bomba la sindano la ng'ombe haliwezi kukipima kwa uhakika. Anayedunga kwa kukisia hutoa mara tano au kumi zaidi. Isitoshe, mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha jimbo la Washington, Marekani, waligundua hitilafu ya kijeni inayowafanya baadhi ya mbwa wa jamii ya wachunga kondoo, wakiwemo wengi wa aina ya Collie na wachache wa German Shepherd, kushindwa kuizuia dawa hii isiingie kwenye ubongo. Mbwa wa aina hiyo wapo, na machotara wao wamezagaa. Kubwa zaidi, ivamektini kwa kipimo cha kawaida haimfanyi kiroboto lolote la maana.

Je, kwa nini basi watu wenye busara, wanaopima mbolea ya chai kwa uangalifu na kujua siku ya kuchuma bila kuangalia kalenda, huendelea kuongeza kipimo? Jibu limo katika maisha ya kiroboto mwenyewe.

Kiroboto anayewasumbua mbwa na paka karibu kote duniani ni wa aina moja, yule ambaye wanasayansi humwita kiroboto wa paka. Jike lake hunyonya damu na kutaga mayai hadi 40 au zaidi kwa siku. Mayai hayo hayashikamani na manyoya. Huteleza na kuanguka popote mnyama anapolala: kwenye majivu ya jikoni, chini ya kitanda, katika nyasi kavu za zizi. Huanguliwa yakawa mabuu madogo yasiyopenda mwanga, yanayojificha katika nyufa za sakafu ya udongo na kula kinyesi kikavu cha viroboto wakubwa, zile chembe nyeusi zilizotajwa mwanzoni. Baadaye buu hujisokotea kifuko chenye gundi kinachonasa vumbi, na ndani yake hugeuka. Ndani ya kifuko hicho kiroboto mchanga anaweza kusubiri miezi kadhaa hadi ahisi mtikisiko wa hatua, joto au pumzi ya mnyama. Hakuna dawa ya dukani inayopenya kifuko hicho vyema.

Wataalamu hukadiria kuwa kati ya viroboto wote walio katika nyumba yenye mbwa mmoja, asilimia tano tu ndio wakubwa walioko mwilini mwake. Asilimia 95 ni mayai, mabuu na vifuko vilivyotapakaa sakafuni. Mabuu hufa hewa ikiwa kavu, lakini unyevu wa nyanda za chai, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, huwalinda, na joto la jiko la kuni huwasaidia kukua hata usiku wa baridi.

Hivyo basi, mtu aliyempaka mbwa wake dawa sahihi kwa kipimo sahihi ataona viroboto wapya baada ya wiki mbili au tatu. Hawa si wale wa mwanzo waliokataa kufa. Ni wale waliokuwa kwenye vifuko. Asiyejua hilo hupaka tena, kwa nguvu zaidi, halafu tena, na mnyama hubeba mzigo wa kosa lililoko sakafuni. 

Kwa upande mwingine, kumwacha mnyama na viroboto wake si huruma. Kitoto cha mbwa au cha paka kilichojaa viroboto kinaweza kufa kwa kupungukiwa damu. Kiroboto pia hubeba mabuu ya tegu wa mbwa, na mtoto mchanga anayetambaa akimmeza kwa bahati mbaya hupata tegu huyo. Kinachotakiwa ni kuhamisha nguvu kutoka kwenye chupa hadi kwenye mahali mnyama anapolala.

Kazi hiyo haina ufundi mkubwa. Gunia au blanketi analolalia mbwa huchemshwa au kuanikwa jua kali kila wiki. Nyasi za zizi hubadilishwa na za zamani kuchomwa. Sakafu hufagiwa kila siku hadi pembeni na uchafu kutiwa motoni, maana ukitupwa nje ya mlango mayai yanarudi na miguu. Sakafu ya udongo hunyunyiziwa maji na kupigwa ikawa laini isiyo na nyufa. Mwenye uwezo akiweka saruji, amewaondolea mabuu makao kwa muda mrefu. Chanuo lenye meno ya karibukaribu, lile la kutolea chawa, hupitishwa katika manyoya na kutumbukizwa kwenye maji ya sabuni, ambamo viroboto huzama. Kwa kitoto cha paka cha wiki chache, hii ndiyo njia iliyo salama kuliko zote. Kazi hii iendelee kwa miezi miwili au mitatu bila kuvunjika moyo, kwa kuwa ndio muda unaohitajika ili sehemu kubwa ya vifuko ifunguke na wanaotoka wafe.

Na dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama hawa je? Ni salama zaidi mbali sana na dawa ya ng'ombe, ila hazikosi historia yake. Nchini Marekani, Mamlaka ya Ulinzi wa Mazingira ilipokea zaidi ya ripoti 44,000 za wanyama waliodhurika baada ya kutiwa matone ya viroboto na kupe katika mwaka 2008 pekee. Ilipochunguza, iligundua mambo mawili yaliyojirudia: paka waliotiwa dawa ya mbwa, na mbwa wadogo waliotiwa dozi ya wakubwa. Mwaka 2014 mamlaka hiyo iliafikiana na watengenezaji kuondoa kola za viroboto zenye kemikali ya propoksuri, kwa sababu ya hatari kwa watoto wanaowashikashika wanyama. Na mwezi Septemba mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliwatahadharisha wenye wanyama kuhusu vidonge vya kizazi kipya, vyenye kemikali kama fluralana na afoksolana, ambavyo katika baadhi ya mbwa na paka vimesababisha mitetemeko na kifafa. Havikupigwa marufuku; ilielezwa kuwa kwa wanyama wengi ni salama, ila mwenye mbwa aliyewahi kuanguka kifafa amweleze daktari kwanza.

Vidonge hivyo vinauzwa nchini, hasa Nairobi na miji mikubwa, na bei yake si ya kila boma. Kwa familia yenye mbwa mmoja wa kulinda zizi, hata hivyo, dozi moja inayodumu mwezi mmoja hadi mitatu haina tofauti kubwa na gharama ya chupa tatu za dawa isiyofanya kazi, na haimwagiki sakafuni.

Nchini Kenya dawa za kuua wadudu husajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu, PCPB, nazo dawa za tiba ya wanyama zina kurugenzi yake iliyoundwa chini ya sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 2011. Idhini hutolewa kwa matumizi yaliyotajwa kwenye lebo. Lebo ikisema ng'ombe, kondoo na mbuzi, basi hakuna aliyeipima kwa paka, na muuzaji anayesema itafaa anatoa maoni yake binafsi. Lebo halali huwa na nambari ya usajili, jina la kemikali, tarehe ya mwisho na maelezo kwa Kiswahili pia. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au ya maji, kama inavyoonekana siku za soko, haina lolote kati ya hayo. Mtoto mwenye kiu hatambui tofauti.

Uzito ndio msingi wa kipimo, na wengi hawaujui. Mizani ya kituo cha kununulia chai si mahali pa kumtundika mbwa, na karani hatakubali, lakini mizani ya kupimia lishe katika duka la dawa za mifugo inamtosha paka ndani ya katoni au kitoto cha mbwa ndani ya gunia. Siku za kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Kenya ilijiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo mwaka 2030, nazo ni nafasi ambayo haitumiwi vya kutosha. Mara nyingi ndiyo siku pekee katika mwaka ambapo mbwa wa kijijini husimama mbele ya mtaalamu. Swali la viroboto liulizwe hapo.

Walioogopa dawa za dukani hukimbilia za nyumbani, ambazo baadhi ni mbaya zaidi. Mafuta ya taa huunguza ngozi na, mnyama akiyaramba, huingia mapafuni. Oili chafu ya gari ina madini mazito. Kitunguu saumu, kinachosifiwa sana, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na hasa za paka. Kuna pia mafuta ya mti wa chai, yanayouzwa madukani kwa jina linaloweza kumdanganya mkulima wa Mogogosiek kuwa yametoka shambani kwake. Hayana uhusiano na mchai. Hutolewa katika mti wa Australia wa jamii nyingine kabisa, na matone machache yasiyochanganywa yanaweza kumlemaza paka.

Funza nao wahesabiwe hapa, kwa sababu funza ni kiroboto. Jike lake hujichimbia katika ngozi ya mguu, na mbwa, nguruwe na panya humhifadhi sawasawa na binadamu. Wapo wazazi ambao, kwa kukata tamaa, wamewatumbukiza watoto miguu katika dawa ya ng'ombe. Ngozi yenye vidonda hufyonza sumu kwa kasi kuliko ngozi nzima, na miguu ya mtoto mwenye funza ni vidonda vitupu. Utafiti uliofanywa nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa dimetikoni, mafuta ya silikoni yanayomziba funza pumzi bila kuwa sumu, hufanya kazi vizuri. Mzazi aiulizie katika kituo cha afya.

Iwapo madhara yameshatokea, dakika za kwanza zina thamani. Mnyama aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mwoshaji akiwa amevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kisha akaushwe na kufunikwa, kwa kuwa baridi huzidisha sumu ya amitrazi na mitetemeko ya permethrini. Asitapishwe. Asinyweshwe maziwa wala mafuta ya kupikia. Imani kwamba maziwa huvunja sumu imeenea, lakini kemikali nyingi za aina hii huyeyuka katika mafuta, na mnyama anayetetemeka hupaliwa. Anayepata degedege asitiwe kitu mdomoni. Daktari wa mifugo apelekewe chupa yenyewe, pamoja na lebo, kwa sababu tiba hutofautiana: atropini inayomwokoa aliyepata fosfati haimsaidii aliyepata permethrini, na amitrazi ina dawa yake nyingine. Paka wa permethrini anayefikishwa mapema, akapewa dawa za kutuliza misuli, mara nyingi hupona.

Mtu aliyepatwa na mate mengi, jasho, kichefuchefu au ukungu machoni baada ya kumwogesha mnyama avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe na kufikishwa hospitalini bila kungoja, iwe Litein, Kapkatet au Tenwek. Yeye naye aende na chupa.

Maji yaliyobaki katika karai yana mwisho wake pia. Kemikali za jamii ya permethrini huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na zile zinazopakwa mbwa hazibaki kwa mbwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walipochambua vipimo vya mito 20 ya Uingereza, katika ripoti waliyoichapisha mwaka 2021, walikuta fipronili katika asilimia 98 ya sampuli, ilhali kemikali hiyo ilikuwa imekoma kutumika mashambani humo. Walishuku kuwa sehemu kubwa ilitoka kwa wanyama wa nyumbani. Itare, Kiptiget na Kipsonoi zote humwaga maji katika Sondu, na Sondu katika Ziwa Victoria, na njiani watu huyachota. Pampu ioshewe mbali na mto na maji yake yamwagwe juu ya udongo usiolimwa mboga. Chupa tupu itobolewe kabla haijageuzwa kuwa ya kuwekea chumvi.